Nimeacha kulipia king'amuzi cha dishi: maswali mnayoniuliza kuhusu tv ya bure

Mimi ni mama wa kawaida tu, naishi Kihonda hapa Morogoro, sio fundi na wala siuzi ving'amuzi. Miaka miwili iliyopita niliacha kulipia kifurushi cha dishi na toka hapo majirani, mawifi, mashemeji na wenzangu wa vikoba hawaishi kuniuliza nimefanyaje, kuna mmoja alinipigia saa 1 usiku yuko juu ya bati kashika antena mkononi. Nimeona niyaandike yote sehemu moja, maana inaniuma sana kuona mtu anakopa elfu 20 ili alipie kitu ambacho kinapita bure juu ya paa lake kila siku.

Hivi kweli inawezekana kuacha kulipia ukabaki na tv ya maana?

Inawezekana, ila inategemea nyumbani kwako mnaangalia nini, na hapo ndipo wengi tunajidanganya. Kabla sijaacha nilichukua daftari la mtoto lililobakiza kurasa, nikaliweka juu ya kabati la tv na kalamu nimeifunga kwa uzi isipotee, nikaomba kila anayewasha tv aandike kaangalia chaneli gani. Wiki nzima. Jumapili jioni tukakaa na mume wangu tukasoma: taarifa ya habari ya saa 2 usiku kila siku, tamthilia ya jioni, mahubiri ya asubuhi ya mama mkwe, katuni za watoto wakitoka shule, na mechi mbili za mume wangu. Basi. Tulikuwa na chaneli zaidi ya mia, tulizoangalia ni saba, na kati ya hizo saba tano ni za bure.

Kifurushi chetu kilikuwa elfu 35 kwa mwezi, piga mara 12 unapata laki 4 na elfu 20. Kwangu mimi hiyo ni sare, viatu na madaftari ya watoto wawili na chenji inabaki. Kwa hiyo anza na daftari, usianze na fundi.

Chaneli zipi ni za bure?

Hapa Bara za kitaifa ambazo watu wengi wanazijua ni TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, halafu kuna nyingine zinaongezeka kutegemea upo mkoa gani na mtambo gani uko karibu na wewe. Ukiwa Zanzibar una ZBC ambayo zamani ilikuwa TVZ, na hii watoto wa siku hizi hawaijui, Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi toka 1973 wakati sisi huku Bara tulisubiri mpaka 1994 ndio tukapata vituo vya kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa akisimulia walivyokuwa wanakwenda kuangalia kwa mjomba wake Unguja nakuwa kama naona filamu.

Usikariri orodha ya mtu wa Dar ukaja kulalamika Ifakara. Waulize majirani wenye antena wanapata nini, hilo ndio jibu la kweli kwa eneo lako.

Kama ni bure, kwanini tulilazimishwa kununua ving'amuzi?

Swali hili naulizwa na wazee sana na nawaelewa. Zamani ulikuwa na antena yako ya mabomba unaichomeka nyuma ya tv umemaliza. Tarehe 31 Desemba 2012 usiku mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, ikafuata mikoa mingine kwa awamu, na kuanzia hapo mawimbi yakawa ya kidijitali ambayo tv za chogo haziwezi kuyasoma zenyewe, zinahitaji king'amuzi cha kutafsiri, ndio hicho TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakiita kisimbuzi. Kilichobadilika ni lugha ya mawimbi. Kituo kilichokuwa bure kilibaki bure, kinaishi kwa matangazo ya biashara, na TBC inaendeshwa na serikali.

Tatizo ni kwamba king'amuzi na kifurushi viliingia nyumbani siku moja, kwenye boksi moja, kwa hiyo kichwani kwetu vikawa kitu kimoja, mtu akisikia king'amuzi anajua ni kulipa kila mwezi. Sivyo. Kuna king'amuzi cha kusoma mawimbi tu, unanunua mara moja imeisha.

Na mnakumbuka Agosti 2018, chaneli za ndani kama ITV na Channel Ten ziliondoka kwenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia, watu wakapiga kelele sana. TCRA walisema leseni za makampuni yale ya dishi hazikuwaruhusu kuzibeba zile chaneli, maana ni chaneli za bure na haifai mwananchi alipie kuziona. Mimi siku zile nilikasirika kama wengine, baadaye sana ndio nikaelewa kwamba ule ulikuwa ushahidi tosha kuwa nilikuwa nalipia vya bure.

Nitajuaje kama tv yangu ina king'amuzi ndani?

Tv nyingi za flati zinazouzwa sasa hivi Kariakoo muuzaji anakutangazia mwenyewe, "hii ina king'amuzi ndani", ila usichukue neno lake, geuza tv. Nyuma au kwenye boksi tafuta alama ya DVB-T2. Hiyo namba 2 mwishoni ina maana kubwa. Kuna tv za zamani kidogo zimeandikwa DVB-T peke yake, zile ni za kizazi cha nyuma na matangazo ya T2 haziyasomi, utasachi mpaka kesho hupati kitu na utadhani antena ni mbovu. Ukikuta pia DVB-S2 basi tv yako inaweza kupokea hadi waya wa dishi moja kwa moja.

Kama huna boksi, washa tv, ingia kwenye menyu sehemu ya chaneli, angalia kama kuna pa kuchagua DTV. Ukikuta ATV peke yake hiyo ni analojia tupu, haina kitu ndani.

Tv isipokuwa nayo usiitupe. Nunua king'amuzi kidogo cha T2 kisicho na malipo ya mwezi, unakichomeka kwa HDMI, au kwa zile waya tatu za nyekundu nyeupe na njano kama tv ni ya chogo. Mimi ya sebuleni ina king'amuzi ndani, ya chumbani kwa mama mkwe ni chogo la mwaka 2006 na linafanya kazi na kaking'amuzi kadogo kama daftari.

Antena gani ninunue?

Matangazo ya kidijitali yapo UHF kwa hiyo unataka antena ya UHF, ile yenye vijiti vifupi vifupi vingi mfano wa mifupa ya samaki. Zile ndefu za zamani zenye mabomba mapana zilikuwa za VHF, hazikusaidii. Mimi nilinunua ya elfu 25 na bomba la chuma la futi 10 nikampa kijana wa kuchomelea akaniwekea kitako.

Antena za ndani, zile bapa za kubandika ukutani, sikushauri kama nyumba yako ina bati, labda uwe karibu kabisa na mtambo. Bati ni chuma, linayarudisha mawimbi kama linavyorudisha mvua. Shemeji yangu kanunua moja kaibandika kila ukuta wa nyumba mpaka gundi imeisha, alikuja kupata chaneli alipoitundika dirishani nje.

Waya nao watu wanaudharau. Chukua ule mnene wa dishi wa 75 omu, usichukue ule mwembamba laini, na usiuunge katikati kwa seloteipu. Kama dishi lako la zamani lipo bado juu, waya wake huohuo unafaa, ng'oa kule kwenye dishi chomeka kwenye antena, umeokoa hela.

Naielekeza wapi?

Hapa ndipo kazi ilipo na hapa ndipo watu wanakata tamaa, ngoja nieleze polepole.

Kwanza toka nje uangalie antena za majirani zinaangalia wapi. Kama kumi zimeangalia upande mmoja, mtambo uko huko, usibishane nazo. Angalia pia vijiti vyao vimelala au vimesimama, na wewe fanya hivyohivyo, kwa sababu mawimbi yana ulalo wake na ukikosea unapoteza nguvu nyingi sana.

Pili, weka mtu ndani. Siku yetu ya kwanza mimi nilikuwa juu na mume wangu kashika ngazi chini na mama mkwe ndani mbele ya tv. Nimezungusha kidogo, kimya. Nikazungusha tena, nasikia "Imekuja! Imekuja mwanangu usiguse!" nikaachia mkono, "Ah, imepotea." Tulifanya hivyo karibu saa nzima na jua la saa 7 juu ya bati nadhani mnalijua. Kumbe kosa langu ni kwamba nilikuwa nazungusha haraka. Tv ya kidijitali sio kama analojia, analojia ilikuwa inakuja na chenga halafu chenga zinapungua unajua unakaribia, hii inakuja yote au haiji kabisa, na ikija inachelewa sekunde tatu nne mpaka king'amuzi kitafsiri. Kwa hiyo unasogeza upana wa vidole viwili, unasimama, unahesabu mpaka kumi, ndio unauliza.

Tatu, usitumie picha kama kipimo. Kwenye menyu kuna mistari miwili, mmoja nguvu ya mawimbi na mwingine ubora. Nguvu inaweza kuwa 90 na huoni kitu, mstari wa kuutafuta ni ubora. Mama mkwe akaacha kusema imekuja imepotea akaanza kunisomea namba, "Arobaini. Arobaini na tano. Sabini mwanangu, sabini!" na pale pale nikakaza nati.

Kwetu Morogoro kuna jambo lingine, milima ya Uluguru. Dada yangu yuko Bigwa chini kabisa ya mlima na upande aliotakiwa kuangalia umezibwa na kilima, tukahangaika sana. Mwisho tulipandisha bomba futi kumi zaidi na kuisogeza antena kona nyingine ya nyumba, mita nne tu, ikakubali. Sehemu za milima usikate tamaa kabla hujaijaribu antena kwenye pembe zote nne za nyumba. Na kuna nyumba haitakubali, nitazisemea mbele.

Ukishakaza ndio unasachi chaneli zote upya. Na rudia kusachi kila baada ya miezi michache maana vituo huongezeka na masafa hubadilishwa, watu wengi wanasema chaneli imefungwa kumbe imehama tu.

Picha inaganda na kukatakata, tatizo nini?

Ikiwa inaganda mvua ikinyesha na hata baada ya mvua kukatika, maji yameingia kwenye waya. Fungua konekta ya juu utaona shaba imekuwa nyeusi au kijani. Kata sentimita kama 20, tengeneza mpya, zungushia mpira au teipu nyeusi, halafu waya ule kabla haujaingia ndani uuache uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondokee nje yasifuate waya mpaka kwenye tv.

Ikiwa inaganda bila mvua, angalia miti. Mwembe wa jirani yetu ulipotoa majani mapya tulipoteza chaneli tatu.

Busta isiwe kitu cha kwanza kununua. Inakuza kila kitu pamoja na uchafu, kama ubora ni mdogo kwenye antena busta itakukuzia ubaya. Na kama mnara wa simu uko karibu na kwako inaweza kuharibu kabisa, kwa sababu masafa ya juu kidogo ya tv siku hizi yamepewa mitandao ya simu, busta inayabeba yote inazidiwa. Nimewahi kumtolea mtu busta tv ikakaa sawa hapohapo.

Radi ikianza chomoa waya wa antena nyuma ya tv. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Dishi langu nilitupe?

Usitupe. Dishi ni bati tu lililopindwa, halijui kampuni gani. Kinachojua ni king'amuzi. Ukipata risiva ya bure ya setilaiti na ukalielekeza kwenye setilaiti yenye chaneli zisizofungwa, linafanya kazi.

Ngoja nieleze kidogo maana jambo hili nililipenda nilipolielewa. Setilaiti za tv zote zimekaa juu ya ikweta, kilomita kama 36,000 kwenda juu, zimepangana kwenye mstari mmoja na kila moja ina anwani yake kwa nyuzi. Sisi Morogoro tuko nyuzi 37 na kitu mashariki. Setilaiti ya nyuzi 36 ambayo madishi mengi ya kulipia yanaiangalia iko karibu kabisa na utosi wetu, ndio maana yale madishi yanaonekana yametazama juu kama sahani inayosubiri mvua. Ya nyuzi 7 iko magharibi, dishi lake limeinamia upande jua linapozama. Na ile ambayo mafundi wa zamani wanaiita Pasi Teni, siku hizi ni Intelsat 20, iko nyuzi 68.5, unaangalia mashariki. Ukijua hivyo hata wewe unapita mtaani unajua nani kafunga nini.

Kwa chaneli za bure kuna njia mbili. Dishi dogo la sentimita 60 mpaka 90 ni la mawimbi ya Ku, ni rahisi kulifunga lakini mvua kubwa ikija linakatika. Dishi kubwa la futi 6 ni la mawimbi ya C, lina LNB yake tofauti, yaani kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, mvua haliisikii sana, na ndio lina chaneli nyingi za bure, hasa za dini na za habari za nje. LNB ya dogo huwezi kuipachika kwenye kubwa ukategemea muujiza, na kwenye menyu ya risiva kuna namba ya LNB unatakiwa kuchagua, 9750 na 10600 kwa Ku, 5150 kwa C. Watu wengi wanakwama hapo tu.

Ila nikuambie ukweli wangu. Kama uko mjini na antena inakubali, dishi la bure ni la nyongeza, sio la kwanza. Unapata chaneli hamsini na arobaini na tano hujui lugha yake. Na zinahamahama, kwa hiyo kabla hujampa fundi hela mwambie akupeleke kwa mteja wake mwingine uone kwa macho yako zinavyoonyesha leo, usikubali orodha ya kwenye karatasi.

Ndugu yangu karudi Muscat na risiva yenye mamia ya chaneli za Kiarabu bure, hapa hazionyeshi, imeharibika?

Haijaharibika. Kule Oman wanaangalia setilaiti kama Badr nyuzi 26 mashariki na Nilesat nyuzi 7 magharibi, na miale yake imelengwa Uarabuni na Afrika Kaskazini. Huku kwetu mawimbi yanafika yamechoka au hayafiki kabisa. Risiva yenyewe ni nzima, badilisha setilaiti kwenye menyu itumie kwa nyingine.

Na mpira?

Hapa sitawadanganya. Ligi Kuu yetu Azam walisaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, kwa hiyo Simba na Yanga mubashara kwenye tv ni kwa kulipia. Ligi za Ulaya ni hivyohivyo. Anayekuambia atakupa zote bure kihalali anakudanganya.

Unachoweza kufanya ni hiki. Mashindano makubwa ya mataifa angalia ratiba ya TBC1 mapema, Kombe la Dunia la 2022 kwa mfano walionyesha baadhi ya mechi, na AFCON ya 2027 inaandaliwa na sisi wenyewe pamoja na Kenya na Uganda kwa hiyo kaa macho. Redio ipo, na mtangazaji mzuri wa redio anakufanya uone mpira kuliko hata picha. Magoli na marudio yanawekwa YouTube usiku uleule. Mume wangu kwa mechi kubwa anakwenda kibanda umiza, analipa kiingilio chake anakaa na wenzake wanapiga kelele wanavyotaka, na nyumbani tunabaki kwa amani.

Na kama nyumba yako mpira ndio kila kitu, lipia. Ila lipia miezi yenye ligi, ligi ikisimama na wewe simama. Sisi kwanza tulikuwa tunalipa mpaka mwezi wa 7 wachezaji wako likizo, na hatukuwa tunajua kwanini.

Si ni rahisi tu kutumia YouTube na kuachana na mambo ya antena?

Ni rahisi kama una intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo. Kama ni bando la simu piga hesabu. Kwa makadirio video ya ubora wa 360 inakula kama MB 300 kwa saa, ya 480 karibu nusu GB, ukiacha ijipandishe yenyewe kwenye 1080 inapita GB 1 na nusu. Familia inayoangalia saa nne kwa siku kwa ubora wa 480 inamaliza GB 60 kwa mwezi. Hiyo sio bure, umehamisha malipo kutoka kwenye kifurushi ukayapeleka kwenye bando.

Mimi natumia YouTube kwa vitu ambavyo antena hainipi. Dira ya Dunia ya BBC na matangazo ya DW Kiswahili yapo pale, Al Jazeera na France 24 ziko mubashara saa 24. Katuni za watoto nazishusha kwenye simu nikiwa ofisini kwa dada yangu kwenye waifai, naziweka kwenye fleshi, nachomeka nyuma ya tv. Fleshi moja ya GB 32 inatosha likizo nzima na najua wanaangalia nini.

Kuna kijana anaunganisha chaneli zote kwa elfu 10 kwa mwezi, nimkubalie?

Usikubali tafadhali. Hiyo wanaiita sharing, au anakupa kiboksi cha intaneti chenye chaneli elfu tatu, yote ni wizi wa matangazo na ni kosa kisheria, na hata ukiweka sheria pembeni, huna pa kulalamika siku ikizimwa. Jirani yetu alilipa miezi sita kwa mkupuo ikafanya kazi wiki tano, namba ya simu ya yule kijana haipatikani mpaka leo. Halafu hata hiyo sio bure, bado unalipa kila mwezi. Lengo letu ni kutoka kwenye kulipa.

Nikiacha kulipia wanaweza kunidai?

Hivi vifurushi vyetu unalipia kabla ndio unaangalia, siku zikiisha kimeisha, hakuna deni. Utapigiwa simu na kutumiwa ofa, hilo ndio kubwa. Kama dishi na king'amuzi ulinunua ni mali yako.

Mimi kilichonitoa kabisa, nililipia Ijumaa jioni tukiwa na wageni wa msiba nyumbani, hela ikakatwa kwenye simu chaneli hazikufunguka. Napiga simu nasikiliza muziki mpaka salio linaisha. Zilifunguka Jumatatu saa 4 asubuhi wageni wameshaondoka, na siku zangu zikahesabiwa kuanzia Ijumaa. Kampuni sitaitaja, ila Jumatatu hiyohiyo ndio nikaweka daftari juu ya kabati.

Fundi ananiambia laki na nusu kufunga antena, ni sawa?

Muulize laki na nusu ya nini. Mwambie akuandikie antena bei gani, waya mita ngapi, bomba, ufundi. Kwangu antena 25,000, bomba na kuchomelea 18,000, konekta na teipu 3,000, waya nilikuwa nao, jumla elfu 46 na nguvu zetu wenyewe. Haifiki hata hela ya kifurushi ya miezi miwili. Kama huwezi kupanda lipa ufundi, ni haki yake, kuanguka juu ya bati sio mchezo, ila usimlipe hela ya mwisho mpaka akuonyeshe ule mstari wa ubora kwenye menyu na chaneli zote zimesachiwa.

Mama yangu yuko kijijini, antena haikamati kitu, afanyeje?

Mitambo ya antena haijafika kila kijiji, na huko ndiko dishi la bure linakuwa la kwanza badala ya nyongeza. Nenda na mtu anayelijua eneo, ona kwa jirani, funga. Kama anatumia sola ndogo angalia risiva na tv zinazotumia volti 12 moja kwa moja bila inveta, zinakula umeme kidogo. Na mnunulie redio nzuri, kwa mzee wa kijijini redio ya betri inamfaa kuliko vyote maana anaibeba mpaka shambani.

Kama hata dishi la bure halina chaneli za Kiswahili anazozitaka, na yeye raha yake ni taarifa ya habari na tamthilia, basi mlipieni kifurushi kidogo kabisa, mchangiane watoto. Hiyo mimi naona ni matumizi halali ya hela, hana njia nyingine.

Nikijaribu nikashindwa naweza kurudi?

Ndio, king'amuzi chako bado kipo. Sisi tuliwapa watoto mwezi mmoja wa kujaribu, dishi tukaliacha palepale juu. Wiki ya kwanza walinuna, ya pili wakagundua mchana kuna vipindi vya shule kwenye tv, ya tatu hakuna aliyeuliza. Dishi bado liko juu ya bati, limeangalia utosini, njiwa wa jirani wanakunywa maji ya mvua humo, na mama mkwe hataki litolewe.